Gesi ndani ya Maji: Historia ya Uchunguzi katika Ziwa Tanganyika na Mpango wa Maabara ya Ufuoni

Katika maji ya ziwa lolote mna vitu vya namna mbili visivyoonekana kwa macho, navyo ni chumvi zilizoyeyuka na gesi zilizoyeyuka. Chumvi hukaa. Mtu akijaza chupa ya maji Kigoma akaipeleka Dar es Salaam, au Brussels, au California, chumvi ataikuta kama alivyoichukua. Gesi haikai. Hutoka chupa ifunguliwapo, hutoka maji yapatapo joto, na hutoka maji yavutwapo kutoka kilindini kuja juu. Kwa sababu hiyo historia ya uchunguzi wa gesi katika Ziwa Tanganyika si sawa na historia ya uchunguzi wa samaki wake wala wa miamba yake. Samaki alitiwa katika spiriti akasafirishwa. Jiwe lilifungwa sandukuni. Gesi ilitaka kupimwa papo hapo, chomboni au ufuoni, au isipimwe kabisa.

Makala haya yana kazi tatu. Kwanza yaeleza kwa ufupi jinsi elimu ya gesi za ziwa hili ilivyopatikana. Pili yaonyesha jinsi maabara ndogo ya ufuoni yaweza kupangwa ili kuchunguza namna gesi inavyotolewa katika maji. Tatu yatazama maneno ya Kiswahili yatakiwayo katika kazi hiyo, kwa kuwa chombo kisichoweza kuelezwa kwa lugha ya mtumiaji wake hubaki kuwa chombo cha mgeni.

I. Sufuria ya Ujiji

Jaribio la kwanza la elimu ya maji lililoandikwa katika pwani ya mashariki ya ziwa hili lilikuwa la kuchemsha maji. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari, mwaka wa 1858. Ujiji wakati huo ulikuwa tayari mji wa biashara, mahali ambapo misafara kutoka Unyanyembe ilikutana na mitumbwi iliyovuka kwenda ng'ambo ya ziwa, na ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko. Wasafiri hao walitaka kujua kimo cha ziwa juu ya usawa wa bahari, na njia waliyoitumia ni ile ya kutazama maji yachemkayo. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri mtu apandavyo, kwa maana uzito wa hewa unaoyalemea hupungua. Wao walipata kimo cha futi zipatazo 1,850. Kimo cha kweli ni futi 2,500 na kitu, yaani mita 770 hivi. Tofauti ni kubwa, lakini kanuni waliyoitegemea ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la kipimajoto.

Jaribio hilo lafaa kukumbukwa hapa, kwa kuwa sufuria ichemkayo yabeba elimu yote ya gesi ndani ya maji. Viputo vidogo vinavyojikusanya ubavuni mwa sufuria kabla maji hayajachemka si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, nayo sasa yafukuzwa na joto. Mwingereza William Henry alikuwa ameeleza tangu mwaka wa 1803 kwamba kiasi cha gesi kiyeyukacho katika maji hufuata kanieneo ya gesi hiyo juu ya maji: kanieneo ikizidi maradufu, gesi iyeyukayo huzidi maradufu, ikipungua nusu, hupungua nusu. Rafiki yake John Dalton alikuwa ameonyesha kwamba katika mchanganyiko wa gesi kila gesi hujibeba yenyewe, kana kwamba nyingine hazipo. Kanuni hizi mbili ndizo msingi wa yote yatakayosemwa katika makala haya.

II. Wageni waliotafuta bahari

Waliofuata hawakutafuta gesi. J. E. S. Moore, aliyekuja mara ya kwanza mwaka wa 1895 na mara ya pili mwaka wa 1899, alivutwa na konokono wa ziwa waliofanana na wa baharini, na zaidi na yule kiumbe wa mfano wa kiwavi-maji ambaye Mjerumani Richard Böhm alikuwa amemwona mwaka wa 1883. Moore alidai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. W. A. Cunnington alitumwa mwaka wa 1904 kuichunguza hoja hiyo zaidi, na uchunguzi wake, uliokamilika katika maandishi ya mwaka wa 1920, haukuiunga mkono. Viumbe hao walikuwa wamejitengenezea sura zao humu humu ziwani kwa miaka mingi isiyohesabika.

Mjadala huo ulishughulisha watu kwa karibu miaka thelathini, na katika muda huo wote hakuna aliyejua kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa, kutoka mita mia au mia mbili kwenda chini, haina oksijeni, wala haiwezi kumtunza samaki wala konokono. Sababu si uzembe. Dawa ya kupimia oksijeni katika maji ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka wa 1888. Uzuri wa njia ya Winkler ni kwamba yaikamata gesi kabla haijatoroka: chupa hujazwa pasipo kuacha nafasi ya hewa, manganizi na alkali hutiwa humo, na oksijeni hujifunga papo hapo katika tope la rangi ya kahawia. Baadaye, ufuoni na kwa utulivu, tope hilo huyeyushwa kwa asidi na iodini itokayo hudondoshewa dawa nyingine kwa kipimo mpaka rangi ipotee. Lakini njia hiyo yahitaji mtu aliyeko chomboni, mwenye chupa yake, dawa zake, na saa zake. Wakusanyaji wa viumbe hawakuja na haja hiyo.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho wenyeji wa Kigoma wakijua sana, ingawa hawakiiti kisa cha gesi. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Goetzen iliundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwa reli iliyofika Kigoma mwaka wa 1914, ikaunganishwa hapo. Mwezi wa Julai mwaka wa 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka wa 1924 mitambo ilikuwa bado yafaa, na mwaka wa 1927 meli ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Kitu ambacho grisi ilikizuia ni oksijeni iliyoyeyuka. Maji peke yake hayali chuma upesi; maji yenye oksijeni ndiyo yalayo. Wahandisi wa mitambo ya mvuke wamelijua jambo hili muda mrefu, na ndiyo maana maji ya boila hupashwa moto kwanza ili oksijeni itoke kabla hayajaingia katika chuma. Hivyo kuitoa gesi katika maji si mchezo wa maabara tu. Ni kazi ya kiwanda, na wakati mwingine, kama tutakavyoona, ni kazi ya kuokoa maisha ya watu.

III. Kilindi chapimwa

R. S. A. Beauchamp ndiye aliyeleta mwanga wa kwanza ulio thabiti. Taarifa yake juu ya maji ya Tanganyika ilichapishwa mwaka wa 1939. Baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa kituo cha uchunguzi wa samaki cha Afrika Mashariki kule Jinja. Alionyesha kwamba maji ya ziwa yamepangika kwa matabaka. Ya juu yana joto zaidi, ni mepesi, na yana oksijeni. Ya chini ni baridi kidogo, ni mazito, hayana oksijeni, tena yana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza. Tofauti ya joto ni ndogo mno: juu yapata nyuzi 24 hadi 28 za sentigredi kwa majira, na kilindini nyuzi 23 na nusu hivi. Lakini tofauti hiyo ndogo yatosha kuyazuia matabaka yasichanganyike.

Mwaka wa 1946 na 1947 ujumbe wa Wabelgiji ulizunguka ziwa lote. Capart alipima kina na kuchora ramani yake. Kina kikubwa alichokipata, mita 1,470, kimekuwa kikitajwa vitabuni tangu hapo. Poll alishughulika na samaki, na Kufferath na kemia ya maji. Ndipo ilipothibitika kwamba upande wa kaskazini oksijeni hukoma kwenye mita zipatazo 100, na upande wa kusini, ambako upepo wa kusi-mashariki huyakoroga maji tangu Mei hadi Septemba, yaweza kufika mita 200 hivi. Maana yake ni hii: katika ziwa la pili kwa kina duniani, uhai wa dagaa, wa migebuka na wa kila samaki aliyeko sokoni Kigoma wategemea ngozi nyembamba ya juu.

Kufferath huyo huyo alikuwa mmoja wa watu wawili waliofungua mlango mwingine. Kaskazini ya Tanganyika, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, liko Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi kuingia Tanganyika. Hubert Damas alikwenda huko mwaka wa 1935, akakuta ajabu: joto la maji lilizidi kadiri kipimo kilivyoshuka, na maji ya kilindini yalikuwa yamejaa gesi. Mwaka wa 1955 Schmitz na Kufferath waliandika juu ya gesi hizo na matatizo yake. Kwa makadirio yaliyokubaliwa baadaye, kilindi cha Kivu chabeba kaboni dioksaidi ya kilomita za mchemraba zipatazo 300, na methani ya kilomita za mchemraba zipatazo 60, zikipimwa kwa kanieneo ya hewa ya kawaida. Kaboni dioksaidi hiyo hutoka hasa katika ardhi ya volkano. Methani hufanywa na vijidudu.

Basi hapo kutoa gesi katika maji kukawa kazi ya mikono. Kunako mwaka wa 1963 mtambo mdogo ulianza kufanya kazi Cap Rubona, karibu na Gisenyi: bomba lilishushwa kilindini, maji yalivutwa, na yalipopanda kanieneo ilipungua, gesi ikajitenga kwa viputo, na viputo vyenyewe vikayasukuma maji juu. Kaboni dioksaidi nyingi ilioshwa kwa maji, na methani ikapelekwa kuwasha boila za kiwanda cha pombe mjini. Mtambo mkubwa zaidi wa kuzalisha umeme, wa megawati 26 hivi, ulianza kazi yake ya biashara mwishoni mwa mwaka wa 2015 upande wa Rwanda. Kanuni ni ile ile ya sufuria ya Ujiji, ila mahali pa moto pamechukuliwa na upungufu wa kanieneo.

Kwamba jambo hili lina mauti ndani yake ilidhihirika Kamerun. Tarehe 15 Agosti 1984 Ziwa Monoun lilitoa gesi yake ghafula, watu 37 wakafa. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilifanya vivyo hivyo usiku, na kaboni dioksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, ikateremka mabondeni na kuwakosesha pumzi watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Dawa iliyopatikana ni bomba. Mfaransa Michel Halbwachs na wenzake walilijaribu Monoun mwaka wa 1992 na Nyos mwaka wa 1995. Bomba la kudumu likawekwa Nyos mwaka wa 2001. Likiisha kuanzishwa kwa pampu, bomba hilo halihitaji mtambo tena: gesi itokayo hulivuta lenyewe, na maji hurushwa angani kwa nguvu. Katika kandokando ya Kivu wanakaa watu zaidi ya milioni mbili. Ndiyo sababu kila jaribio la kuitoa gesi humo lataka kwanza lieleweke katika chombo kidogo, kabla ya kuguswa ziwa lenyewe.

Tanganyika si Kivu. Gesi zake za kilindini ni chache mno zikilinganishwa na kanieneo iliyoko huko chini, wala hapana dalili ya kulipuka. Hatari yake ni ya namna nyingine, na ni ya polepole. Mwaka wa 2003 vikundi viwili vya wataalamu, kimoja cha O'Reilly na wenzake na kingine cha Verburg na wenzake, vilionyesha kwamba ziwa linapata joto na kwamba mchanganyiko wa maji unapungua; chakula kilichoko kilindini hakipandi kama zamani. Mwaka wa 2016 Cohen na wenzake walionyesha kwamba, tangu miaka ya 1940, eneo la sakafu ya ziwa lifikiwalo na oksijeni katika sehemu walizozichunguza limepungua kwa asilimia 38. Mpaka wa oksijeni, ambao Beauchamp aliupima kwa chupa, unapanda. Anayetaka kujua umepanda kiasi gani mwaka hata mwaka, hana budi kupima gesi kwa mkono ulio thabiti, mahali pamoja, kwa muda mrefu. Hiyo si kazi ya msafara. Ni kazi ya mwenyeji.

IV. Mpango wa maabara

Mji wa Kigoma una kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na tangu mradi wa uchunguzi wa ziwa ulioanza mwaka wa 1992 vipimo vingi vimefanywa hapo. Mpango ufuatao hauhitaji jumba kubwa. Waweza kuwekwa katika chumba kimoja cha shule ya sekondari yenye umeme. Shabaha yake ni kujibu swali moja: katika maji ya ziwa, gesi hutoka kwa kasi gani, na kasi hiyo yategemea nini?

Chombo kikuu ni chupa ya mviringo ya kioo kinene, ya lita mbili. Chupa yenye ubapa haifai, kwa sababu hewa ya nje huweza kuivunja kuelekea ndani. Na hata ile ya mviringo yapasa kufunikwa kwa wavu au kitambaa kizito, na mtazamaji avae miwani. Chupa hukaa ndani ya beseni la maji yaliyotulizwa kwenye nyuzi 25 za sentigredi. Ndani yake mna kikorogeo kizungukacho kwa mwendo usiobadilika. Mdomo wa chupa una matundu matatu: moja la kipimajoto, moja la kipimaoksijeni, na moja la bomba liendalo kwenye pampu ya ombwe. Kati ya chupa na pampu huwekwa mtego wa baridi, yaani chupa ndogo iliyozamishwa katika barafu, ili mvuke wa maji ugeuke maji humo usiiharibu pampu. Kipimakanieneo huunganishwa kabla ya mtego.

Kwanza kipimaoksijeni husawazishwa. Kipeo cha juu hupatikana kwa maji yaliyokorogwa na hewa mpaka yakashiba. Hapa mtu wa Kigoma asinakili hesabu za vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari. Kwa nyuzi 25, maji ya pwani ya Dar es Salaam hushiba kwa oksijeni ya miligramu 8.3 kwa lita, kama ni maji baridi yasiyo ya chumvi. Lakini Kigoma kanieneo ya hewa ni kilopaskali 92 hivi badala ya 101, na maji hushiba kwa miligramu 7.5 tu. Sifuri hupatikana kwa kutia salfaiti ya sodiamu, ambayo hula oksijeni yote. Miligramu nane za salfaiti hula miligramu moja ya oksijeni. Kila siku kipimo kimoja hulinganishwa na njia ya Winkler, ili chombo cha umeme kisiaminiwe kwa sababu tu ni cha umeme. Hata hivyo, maji ya kilindini yenye haidrojeni salfaidi huiharibu hesabu ya Winkler, kwa kuwa salfaidi hula iodini. Kwa maji hayo njia hiyo isitumike bila masahihisho.

Kisha njia tatu za kuitoa gesi hulinganishwa, na maji ni yale yale.

Njia ya kwanza ni ombwe. Pampu huteremsha kanieneo ndani ya chupa hadi kilopaskali 10. Kati ya hizo, karibu 3.2 ni za mvuke wa maji wenyewe; zibakizo ndizo za hewa, na sehemu yake ya oksijeni ni kama 1.4. Kwa kanuni ya Henry, maji yakisubiri vya kutosha yatabakiwa na oksijeni isiyofika miligramu 0.6 kwa lita. Kanieneo ikishuka chini ya 3.2, maji yatachemka kwa nyuzi 25, mkono ukiyagusa bila kuungua. Mwanafunzi akiisha kuliona hilo kwa macho yake, hatasahau tena kwamba kuchemka si joto peke yake.

Njia ya pili ni kupitisha naitrojeni kwa viputo. Hapa kanieneo haibadiliki. Kinachobadilika ni gesi iliyoko. Oksijeni hutoka kuingia katika viputo vya naitrojeni kwa sababu humo haina mwenzake. Hapa ndipo kanuni ya Dalton inapoonekana dhahiri: maji hayana budi kubaki yamejaa gesi, na bado oksijeni yake imekwisha.

Njia ya tatu ni kuchemsha. Kigoma maji huchemka kwa nyuzi 97 na nusu hivi. Njia hii ni rahisi, lakini maji ya Tanganyika yana tabia yake. Ni ya alkali, na kaboni dioksaidi yake nyingi haimo kama gesi bali imefungwa katika bikaboneti. Yakichemshwa, sehemu ya bikaboneti hufunguka, gesi hutoka, na kaboneti hutuama. Huo ndio utando mweupe uonekanao ndani ya birika. Kwa hiyo anayetaka kutoa kaboni dioksaidi yote, kwa njia yoyote ya hizi tatu, hana budi kutia asidi kwanza. Asiyejua hilo atapima ombwe na kudhani maji hayana kaboni.

Katika kila njia, kipimo husomwa kila nusu dakika na kuandikwa. Hesabu zikichorwa, itaonekana kwamba gesi haitoki kwa kiasi sawa bali kwa fungu sawa: kama nusu ya ziada imetoka katika dakika nne, nusu ya iliyobaki itatoka katika dakika nne zifuatazo, na kuendelea hivyo. Kasi ya fungu hilo ndiyo matokeo ya jaribio. Mwendo wa kikorogeo ukizidishwa, kasi huzidi; uso wa maji ukipanuliwa, kasi huzidi; joto likizidi, kasi huzidi. Ili sababu hizi zisichanganyike, hubadilishwa moja baada ya moja, kila jaribio hurudiwa mara tatu, na chupa moja huachwa wazi bila pampu iwe shahidi. Maji ya kilindini yaletwapo, yaletwe katika chupa iliyofungwa kule kule chini, na gesi itokayo ipelekwe nje ya chumba kwa bomba. Pasiwe na moto karibu, kwa ajili ya methani. Wala mtu asitegemee pua yake imwonye juu ya haidrojeni salfaidi, maana gesi hiyo ikizidi huiua pua kwanza.

V. Maneno

Mwanalugha atauliza: je, mpango huu waweza kuandikwa kwa Kiswahili pasipo kuazima kila neno la pili? Msomaji aliyefika hapa amekwisha kupata sehemu ya jibu. Mtazamo ulio makini waonyesha maneno ya tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni la maneno ya nyumbani yaliyopewa kazi mpya: kiputo, kilindi, kukoroga, kushiba, kutuama, mtego. Haya ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Maji yaliyoshiba hewa yaeleweka na mvuvi bila mfasiri. Tabaka la pili ni la maneno yaliyotengenezwa au kuteuliwa: kanieneo, halijoto, ombwe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka wa 1990 iliyakusanya maneno mengi ya namna hii. Kanieneo ni neno lililoundwa kwa akili, kwa maana laeleza hesabu yenyewe: kani iliyogawanywa kwa eneo. Tabaka la tatu ni la mikopo: oksijeni, methani, naitrojeni. Hapa hapana hasara. Hata neno gesi ni mkopo kwa Waingereza wenyewe, maana lilibuniwa na van Helmont katika karne ya 17, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya machafuko.

Shida hasa iko katika maneno mawili. La kwanza ni hewa. Katika usemi wa kila siku hewa ni jina la vyote: hewa tunayovuta, hewa katika tairi, hewa chafu. Maabara yataka kutenganisha. Yafaa hewa ibaki kwa ule mchanganyiko unaotuzunguka, na gesi liwe jina la jamii nzima. La pili ni kuyeyuka. Chumvi ikiyeyuka twaelewa kwamba imo majini. Lakini mtu akisema gesi imeyeyuka, wengi huelewa kwamba imetoweka, kwa kuwa kuyeyuka katika usemi wa leo ni kupotea pasipo kuonekana. Maana hizi mbili zapingana, na kwa kipimo cha gesi upinzani huo ni wa hatari. Kwa hiyo yafaa kusemwa daima gesi iliyoyeyuka katika maji, pamoja na mahali ilimo, wala si gesi iliyoyeyuka peke yake. Na kitendo cha kinyume kiitwe kutoa gesi, wala si kuyeyusha gesi.

Wenyeji nao hawakusubiri kamusi. Kandokando ya Goma, wasemaji wa Kiswahili huziita mazuku zile gesi nzito zitokazo ardhini na kukaa mabondeni, ambazo huua mifugo na watu wasiojua. Neno hilo lilikuwapo vinywani, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wamelichukua katika maandishi yao kwa umbo lake la Kiswahili. Huku Kigoma mvuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na karabai yake. Na jina la taa hiyo laonekana kutokana na kabaidi, kitu kile ambacho kikitiwa maji hutoa gesi iwakayo. Taa imebadilika mara kadhaa, jina limebaki. Lugha iliyoyabeba mazuku na karabai haiwezi kushindwa na kipimakanieneo.

Watu husema kwamba elimu ya namna hii ina Kiingereza na Kifaransa, na hiyo yatosha. Kwa kuandika taarifa za kimataifa yaweza kutosha. Lakini ziwa hili lina pwani za nchi nne, na mkataba wa kulitunza uliotiwa sahihi Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka wa 2003 ulizifunga zote nne. Msomi wa Kigoma amefundishwa kwa Kiingereza, wa Uvira na wa Kalemie kwa Kifaransa, wa Bujumbura kwa Kifaransa na Kirundi. Wakikutana gatini lugha yao ni Kiswahili, kama ilivyokuwa Ujiji zamani za misafara. Kipimo kilichosomwa Kigoma hakina faida kama hakiwezi kulinganishwa na kilichosomwa Uvira, na watu wawili hawawezi kulinganisha vipimo kama hawajakubaliana kwanza jina la kitu wanachokipima.

Gesi haisafiri. Aliyekaa kando ya ziwa ndiye awezaye kuipima ikiwa hai, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Vyombo vyake ni vichache, na bei yake si kubwa kuliko ya mashine moja ya boti. Maneno yapo karibu yote. Yaliyobaki yataka kusawazishwa tu, na kazi hiyo ni yetu sisi tunaoshughulika na lugha. Tukiifanya mapema, mwanafunzi wa Ujiji atakayeshusha chupa yake mita mia chini ataweza kumweleza mvuvi aliyempeleka, kwa lugha yao wote wawili, kile alichokikuta humo na kile ambacho hakikuwamo.